Mzee Mpira na Ukuta Unaopitisha Mwanga

Miaka thelathini na tatu si mchezo. Ndiyo aliyoitumikia karakana yetu ya mawe fundi mkuu wa kukata na kung'arisha, ambaye tarehe thelathini mwezi huu atavua buti zake kwa mara ya mwisho, atatundika aproni yake kwenye msumari na kwenda nyumbani mchana kweupe, saa ambayo hajawahi kwenda nyumbani hata siku moja. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mtunza ghala, kurasa mbili za kumweleza. Nimechukua na ya tatu, iliyokuwa imetengwa kwa orodha ya vinywaji. Vinywaji mtaviona wenyewe mezani.

Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mzee Mpira. Wageni hudhani aliwahi kusakata kandanda. La hasha. Mpira wenyewe ni ule wa maji, mrefu, wa kijani, ambao haumtoki mkononi tangu asubuhi hadi jioni. Hagusi jiwe kabla ya kuliosha, na akishaliosha haligusi mpaka likauke mbele ya macho yake. Marumaru kavu, husema, ni kama mtu aliyenuna: humwoni alivyo. Ikilowa, rangi zake zote hutoka nje. Na inapokauka ndipo ukweli unapojulikana, kwa sababu ufa mwembamba kuliko unywele hushika maji kwa muda mrefu kuliko uso wa jiwe. Bamba zima huwa jeupe, kasoro mstari mmoja mweusi wa unyevu, na hapo ndipo litakapovunjika. Wateja wenye haraka wamekunywa chai nyingi mno wakisubiri mawe yao yakauke, na chai hiyo hutoka ghalani kwangu.

Hakuja kwetu kutafuta kazi ya mawe. Alikuja kutengeneza pampu. Bosi Mkubwa, Mungu amrehemu, ndiye aliyeianzisha karakana hii, na siku hiyo alimwita kijana mmoja mwenye mfuko wa spana, akamwonyesha mashine iliyogoma, kisha akaenda zake ofisini. Aliporudi aliikuta pampu imefunguliwa, nati zimetapakaa chini, na fundi mwenyewe amechuchumaa mbele ya jiwe la kijivu lililokuwa likimwagikiwa na maji. Jiwe hilo lilikuwa limekaa pale miezi mingi likila vumbi. Maji yalipolipitia likatoa michirizi ya kijani na ya dhahabu ambayo hakuna aliyejua kwamba imo. Kijana akauliza ni jiwe gani. Akaambiwa ni marumaru. Akauliza kama yote huwa hivyo ndani. Bosi Mkubwa akamwambia amalize pampu kwanza. Kwa taarifa yenu, pampu ile ilimalizwa na mtu mwingine, na fundi wetu akaanza kazi siku hiyohiyo, ya kuzoa tope chini ya msumeno.

Mimi nimefanya kazi jirani naye miaka kumi na tisa, na bado sijayazoea mambo anayoyaeleza juu ya jiwe hili. Kila mfanyakazi mpya huketishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaelezwa. Zamani zile ambazo hata babu wa mababu zetu hawakuwa wamefikiriwa, viumbe wa baharini wenye makombe waliishi wakafa, makombe yao yakalundikana sakafuni mwa bahari, yakashindiliwa, yakawa jiwe la chokaa. Jiwe la chokaa ni jiwe la kawaida tu, na mara nyingi ukilivunja utayakuta makombe yenyewe humo. Kisha ardhi ikajikunja. Jiwe likazama chini kabisa, likabanwa na uzito wa milima, likaokwa kwa joto lisilo na mfano jikoni kwa mtu yeyote. Hapo Mzee Mpira hushusha sauti. Halikuyeyuka, husema. Lilijipanga upya likiwa bado jiwe. Makombe yakapotea, na mahali pake zikaota chenga ndogo zinazometameta, zimeshikana pande zote kama watu waliokumbatiana gizani. Ndiyo maana ukivunja kipande cha marumaru nyeupe, palipovunjika panameta kama sukari. Maelezo haya nimeyasikia mara nyingi kuliko hotuba za harusi za ndugu zangu wote, na kila mara mwili unanisisimka.

Sifa za jiwe lenyewe anazitaja kama mtu anayetaja tabia za nduguye. Ni baridi hata jua likiwa kali, ndiyo maana watu huliweka sakafuni na waoka mikate hulitaka kwa kusukumia unga. Si gumu sana. Kisu cha jikoni kinaweza kulichora, na kwa hiyo wachongaji hulipenda, maana hukubali pua, kidole na hata kope. Ukilisugua kwa msasa mnene, kisha mwembamba, kisha mwembamba zaidi, utafika mahali utaona uso wako humo. Ukilibana halijali. Lisimamishe chini ya ghorofa na litaibeba. Lakini ukililaza bila egemeo katikati, litakatika kama biskuti. Nawaomba mlikumbuke hilo la mwisho, kwa sababu lilikaribia kumvunja moyo yeye mwenyewe.

Adui mkubwa wa marumaru ni limau. Mama mmoja alituagiza meza nyeupe ya jikoni kwa ajili ya kumpokea mkwe wake wa kwanza, na siku ya tatu akarudi amekunja uso, akidai tumemuuzia jiwe lenye ukurutu. Mzee Mpira alifuatana naye hadi jikoni. Pale mama yule alipokamulia malimau kulikuwa na madoa yamefifia, mng'aro umekwenda. Alikaa nusu siku akiyasugua mpaka yakaisha, kisha akamdondoshea yule mama tone la limau kwenye unga wa marumaru, akamwonyesha povu dogo likichemka. Tindikali yoyote, hata ya tunda, hulila jiwe hili. Tangu siku hiyo hakuna mteja anayetoka kwetu bila kuonyeshwa limau. Bosi Mdogo, mtoto wa Bosi Mkubwa, ambaye tunamwita Mdogo ingawa ana mvi na wajukuu, alilalamika kwamba tunawatisha wanunuzi. Mzee Mpira alimjibu kwamba mteja aliyetishwa leo ni afadhali kuliko mteja aliyenuna kesho, na malimau yakaendelea kununuliwa.

Yeye pia ndiye aliyetufundisha kutotupa kitu. Vipande vidogo sasa huchanganywa na saruji kwenye sakafu za madarasa, vikasuguliwa hadi watoto wanateleza makusudi. Vumbi likikaushwa huenda kwa watengeneza rangi za nyumba, maana unga wa marumaru huongeza weupe. Na kuna chenga zilizokwenda nyumbani kwake, kwa mkewe. Sote tulimwita Shemeji, hata wale waliokuwa na umri wa wajukuu zake. Shemeji alifuga kuku, na mayai yao yalikuwa na maganda laini yanayovunjika njiani. Mumewe akamwambia awachanganyie kuku chenga za marumaru safi, zilizosagwa. Hazikupita wiki nyingi, Shemeji akaja karakana na trei ya mayai kichwani, akatangaza kwamba maganda yamekuwa magumu kiasi kwamba wateja wake watahitaji nyundo, na nyundo ziko kwetu. Tulicheka sana. Jioni yake nilikaa nikalifikiria lile jambo: makombe ya baharini yaliyogeuka jiwe, yakaokwa chini ya milima, sasa yamekuwa ganda la yai mezani kwangu. Nilishindwa kulivunja lile yai hadi kesho yake.

Shemeji alitutoka miaka minne iliyopita.

Alifia hospitalini, asubuhi. Wodi ilikuwa imejaa na kitanda kilihitajika. Muuguzi wa zamu, ambaye alikuwa akilia mwenyewe, aliwapeleka Mzee Mpira na binti zake wawili chumba cha mwisho wa korido ili wakae na marehemu kidogo. Kilikuwa stoo ya vifaa vya usafi. Kulikuwa na ndoo na mafagio, harufu ya dawa ya kudekia, na taa moja iliyokuwa ikiwaka na kuzimika. Hakukuwa na dirisha. Mlango haukufungika vizuri, na mara mbili mtu aliingia kuchukua ndoo, akaomba radhi, akatoka. Walikaa muda mfupi tu wakaondoka, kwa sababu mahali kama pale hapakaliki. Haya hakunisimulia yeye. Nilisimuliwa na binti yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, ambaye hueleza mambo kwa mpangilio hata machozi yakimtoka.

Mzee Mpira alirudi kazini, akashika mpira wake wa maji. Tulimpa pole, akaitikia. Tuliacha kucheka karibu naye, akatuuliza kama tumeugua. Basi tukaanza kucheka tena.

Mwaka jana hospitali ileile ilituletea kazi ya jengo lao jipya: sakafu ya ukumbi na kaunta ya mapokezi. Msanifu wa majengo, binti mwenye miwani na sauti ya upole, alitandaza michoro yake juu ya meza ya kukatia. Tulikuwa tumeizunguka, kila mtu akiangalia sehemu yake. Mzee Mpira akauliza swali moja.

"Na waliofiwa watakaa wapi?"

Binti yule hakushangaa. Alimwonyesha kijisanduku kidogo upande wa mashariki. Chumba kilikuwepo, alisema, alikipigania mwenyewe, ila kilimtatiza. Ukuta wake wa nje unatazama maegesho ya magari. Akiweka dirisha la kioo, kila anayeegesha gari atawaona wafiwa. Asipoliweka, wafiwa watakaa kwenye boksi. Alikuwa ameamua kuujenga kwa matofali, kwa shingo upande.

Mzee Mpira akamwomba ukuta huo. Alimwambia atauziba kwa marumaru nyeupe iliyokatwa nyembamba kama upana wa kidole cha mwisho, inayopitisha mwanga bila kupitisha macho. Sisi wengine tuliangalia chini. Tulidhani ni msiba unaosema. Kumbe yule msanifu alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Alijua kwamba zile chenga zilizoshikana, kwa kuwa ni angavu, hupokezana mwanga hadi ukatokea upande wa pili, mradi jiwe liwe jeupe na jembamba vya kutosha. Alichouliza ni kama karakana yetu ina uwezo wa kulikata hivyo bila kulivunja. Mzee Mpira alisema hajui, hajawahi kujaribu.

Waligombana kidogo pia, lazima niseme. Msanifu alitaka kioo cha kawaida kiwekwe nje ya marumaru ili kuikinga. Mzee wetu akanuna, akasema jiwe halihitaji mwavuli. Yule binti hakubishana. Alimwuliza tu kama amewahi kutembelea makaburi aliyoyawekea mawe ujanani, akaona mvua imeyafanya nini maandishi yake. Maji ya mvua yana tindikali kidogo, na jua kali hulikunja bamba jembamba kama karatasi iliyoachwa dirishani. Jioni hiyo Mzee Mpira alipita makaburini. Kesho yake alimpigia simu kumwambia kioo kiwekwe, na kwamba herufi za kaburi moja hazisomeki tena.

Katibu wa hospitali alikubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa la haki. Siku ya kufungua jengo ilikuwa imeshapangwa na haingesogezwa. Mabamba kumi na mawili yakiwa tayari, yatawekwa. Yasipokuwa tayari, ukuta utajengwa kwa matofali, na matofali yalishashushwa pale nje yakisubiri. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi kueleweka. Ama chumba kipate mwanga, ama wafiwa waendelee kuagana na watu wao kwenye boksi kama alivyoagana yeye.

Jiwe lililofaa lilikuwa moja tu uani kwetu. Wakongwe mnalijua: lile pande kubwa jeupe pepepe, lenye doa refu la kijivu ubavuni, lililokaa karibu na ukuta tangu enzi za Bosi Mkubwa kwa sababu hakuna aliyelitaka na doa lake. Bosi Mdogo alilitoa bila kusita. Nasema hili kwa sababu tumezoea kumsema kwa mengine.

Jiwe lolote la marumaru lina namna lilivyolala ardhini. Limebanwa kutoka juu kwa karne zisizohesabika, kwa hiyo lina tabaka, hata pale ambapo jicho halizioni. Ukikata kufuata tabaka, bamba hushikana. Ukikata kuzivuka, kila tabaka ni mahali pa kuvunjikia. Kwa bamba nene haileti shida sana, lakini kwa bamba jembamba ndiyo uhai wenyewe. Wachimbaji hupiga alama ya rangi upande wa juu wa jiwe kabla halijatoka machimboni, na sisi hukata kwa kufuata alama hiyo. Jiwe letu halikuwa na alama. Tukaamini kwamba lile doa la kijivu limefuata tabaka, kama yanavyofanya madoa mengi, na tukakata kwa kulifuata.

Bamba la kwanza lilitoka zuri ajabu. Kreni ikaliinua, likaning'inia, na kabla hatujapumua likakatika vipande vitatu. La pili lilikatika likiwa bado juu ya msumeno. Bosi Mdogo akasimamisha mashine. Jiwe lililobaki lilitosha mabamba kumi na mawili na machache ya ziada, na kwa kasi ile lingetuishia mikononi bila kutuachia kitu. Aliongea na Mzee Mpira pembeni, kwa upole. Tulimwona akimshika bega. Baadaye alituambia kwamba alimshauri aache, kwamba hakuna atakayemlaumu, na kwamba matofali pia yanaweza kupakwa rangi nzuri.

Mzee Mpira alifungua maji, akaliosha jiwe lote, pande zote zinazofikika. Kisha akafunga bomba, akaketi kwenye ndoo mbele yake, akashika tama. Jua lilikuwa kali. Jiwe likaanza kukauka kuanzia juu. Sisi tulijifanya tuna kazi, lakini hakuna aliyekuwa akifanya kazi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ghala nikihesabu misasa ambayo nilishaihesabu.

Kisha nikaona alichokuwa anakiona. Jiwe jeupe lilikuwa limekauka, na juu yake kulikuwa kumebaki mistari ya unyevu, mingi, myembamba, imelala sambamba kama mistari ya daftari. Haikufuata doa la kijivu. Ilikuwa ikilikata. Jiwe lilikuwa limewekwa ubavu miaka yote hiyo, na doa lilikuwa limetudanganya.

Mzee Mpira akasimama, akatuita sote. Alituonyesha mistari kabla haijapotea. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemwuliza.

"Alama ilikuwepo," alisema. "Jiwe hili lilikuja na alama nyekundu mgongoni. Mimi ndiye niliyeifuta. Kila wiki nililiosha, kwa kulipenda tu, lisije likala vumbi. Nimeliosha mpaka alama ikaondoka, wala sikuona ilipoondoka."

Hakuna aliyecheka, hata mimi, ambaye mnanijua. Dereva wa kreni, mwanamke asiyependa maneno mengi, alivaa glavu zake akasema basi tuligeuze.

Kuligeuza pande la jiwe la uzito ule si kazi ya kusimulia kwa raha. Minyororo ililia, mbao za kuegemezea zilipondeka, na kuna wakati sote tulikuwa tumeshika roho mkononi. Lililala lilivyolala ardhini mara ya kwanza. Msumeno ukawashwa. Bamba lilipotoka, kreni ikaliinua polepole mno, likaning'inia, nasi tukasubiri ule mlio tulioufahamu. Haukuja. Likaendelea kuning'inia, refu kuliko mtu, jembamba kama kidole cha mwisho, zima.

Mzee Mpira akaagiza taa zizimwe na mlango mkubwa ufunguliwe. Wakalisimamisha bamba mlangoni, jua likiwa nyuma yake. Sijui niandikeje kilichotokea. Jiwe liliwaka. Halikuwaka kama taa, liliwaka kama ambavyo maziwa yangeweza kuwaka, na ndani yake kulikuwa na mawingu ya rangi ya asali ambayo hatukuyaona lilipokuwa limelala. Nilikwenda upande wa pili, nikaweka kiganja changu juu yake. Waliobaki ndani walisema waliona kivuli cha mkono bila kujua ni wa nani. Bosi Mdogo alivua kofia. Wanaume wazima walisimama midomo wazi mbele ya kitu ambacho wamekikata, wamekibeba na kukitukana maisha yao yote. Mwanga ule ulipita kwenye vitu vilivyowahi kuwa makombe chini ya bahari. Viumbe wale walikuwa hai, wakafa, wakabanwa, wakaokwa, na leo jua linapita katikati yao. Nililia, na sioni haya kulisema kwenye karatasi ya sherehe.

Mabamba yote kumi na mawili yalipatikana, na moja la akiba. Yaliwekwa ukutani kabla ya siku ya ufunguzi, kioo kikiwa nje, nafasi ya hewa ikiwa katikati, kama alivyotaka msanifu. Yale matofali yalijenga uzio wa bustani ya hospitali.

Asubuhi moja kabla jengo halijafunguliwa, Mzee Mpira alikwenda kufuta alama za vidole kwenye mabamba. Mimi nilimfuata na vitambaa. Binti zake walikuwepo, mwalimu wa hesabu na mdogo wake anayeoka mikate, wote wameomba ruhusa kazini. Chumba kilikuwa kitupu isipokuwa benchi moja na kitanda kisicho na shuka. Jua lilikuwa limeshapanda. Ukuta mzima ulikuwa ukimwaga mwanga mweupe, wa upole, usio na kivuli kikali, ukaangukia benchi, kitanda na nyuso zao. Nje tulisikia magari yakiegeshwa na milango ikifungwa, lakini hakuna aliyeweza kutuona. Waliketi watatu kwenye benchi. Yule mdogo alikiangalia kitanda kwa muda mrefu.

"Baba," alisema, "hapa tungekaa naye."

"Tungekaa," alisema baba yake.

Na wakakaa. Walikaa mpaka jua likauacha ule ukuta, na mimi nikakaa nje kwenye korido na vitambaa vyangu, nikimwambia kila aliyepita kwamba chumba hakijawa tayari.

Siku hizi muuguzi yule aliyewapeleka stoo ndiye msimamizi wa sehemu hiyo. Ameniambia kwamba watu wakiingia humo hupunguza sauti bila kuambiwa, na kwamba yeye haharakishi mtu.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa mawe yote uliyoyatoa vumbi, kwa wateja uliowatisha kwa limau, kwa kutuonyesha mistari ile kabla haijakauka na kwa kukiri mbele yetu kile ambacho ungeweza kukinyamazia. Nenda nyumbani mchana. Lala bila kusikia msumeno. Wazoee wajukuu, uwachoshe kwa hadithi ya makombe kama ulivyotuchosha sisi, na uwe na afya, na kuku wa Shemeji waendelee kutaga maganda magumu.

Sentensi ya mwisho kamati iliniomba niiondoe, ikasema haifai kwenye sherehe. Nilimsomea mwenyewe, akasema ibaki. Tunakuombea zamu yako ya kuingia chumba kile iwe mbali sana, na itakapofika iwe asubuhi ya jua, na wanao wakae nawe kadiri wanavyotaka.